Gorofa za Nairobi Zinakunywa Mito Yetu

Kila wiki kuna mtu anaposti picha ya Upper Hill au Westlands jua likizama, anaandika "Nairobi imeomoka", na sisi wote tunaweka moto chini yake. Mimi pia naweka. Lakini mimi ni mtoto wa Kitui, na nikiangalia zile gorofa kuna kitu naona ambacho labda wewe mtoto wa Donholm huoni. Naona mto. Naona Tiva, naona Thwake, naona mito ya Makueni ikiwa imesimama wima, imepakwa rangi, imewekwa vioo na inakodishwa kwa mwezi.

Hebu nieleze, halafu mnitukane baadaye.

Tukiongea kuhusu majengo tunaongea kama vile kila kitu kinaanzia kwa kichwa cha msanifu. Ati aliota, akachora, likajengwa. Lakini ukisoma historia ya majengo utaona ndoto huja ya pili. Ya kwanza ni swali la kawaida kabisa: uko na nini mkononi? Ukitaka ushahidi nenda Lamu. Ukiingia nyumba za zamani za mawe pale, utashangaa vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake mita 2.5 au 3 hivi, chumba baada ya chumba. Sio kwamba matajiri wa Lamu walipenda kubanwa. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haikupi zaidi ya hapo kabla haijaanza kulegea. Unaweza kuwa na pesa, uwe na watumwa, uwe na jahazi tano, lakini sebule yako itapimwa na mti ulioota kwenye matope. Mti ndio ulikuwa msanifu.

Huku kwetu Ukambani mambo ni yale yale. Nyumba ya Mkamba ilikuwa ya duara, fito zimepindwa na kufungwa, nyasi zikashuka karibu hadi chini. Duara ndilo umbo ambalo fito na nyasi zinalipenda. Kisha mabati yakaja. Mabati yenye mikunjo yalipewa hataza London mwaka 1829, jamaa anaitwa Henry Robinson Palmer, na ile mikunjo ndiyo siri yote: bati bapa linapinda ovyo, lakini ukilikunja mawimbi linakuwa gumu, unaliweka juu ya mbao chache tu na linajishikilia. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji wa kwanza pale ulikuwa mabati na mbao. Polepole yakafika vijijini, na bati limenyooka, halitaki duara. Kwa hivyo nyumba zetu zikawa mstatili. Hakuna mzee wa ukoo aliyekaa chini ya mwembe akapiga kura kwamba kuanzia leo tuache duara. Bati liliamua.

Susu wangu analalamika hadi leo kwamba ndani ya mabati mchana ni jikoni. Lakini muulize kama atarudi kwa nyasi. Hawezi, juu nyasi hazijazi tangi. Bati likiwekwa mfereji linakuvunia maji ya mvua, na Kitui maji ndiyo kila kitu. Shikilia hapo kwa maji, tutarudi.

Sasa tuje kwa kitu kilichobadilisha dunia yote. Mwaka 1824 fundi mmoja wa Leeds, Uingereza, Joseph Aspdin, alipata hataza ya unga aliouita saruji ya Portland, kwa sababu aliona ikikauka inafanana na mawe ya sehemu inayoitwa Portland. Unachoma chokaa na udongo kwa moto mkali, unasaga, unaongeza maji, na huo unga unageuka jiwe. Hapa watu wengi huwa wanasema "simiti inakauka". Haikauki. Inafanya kemia. Maji yanaungana na simiti na kutengeneza vifuwele vidogo vinavyoshikana kama vidole, ndiyo maana fundi mzuri anamwagilia zege maji siku kadhaa baada ya kumimina. Likikauka haraka limekufa.

Shida ya zege ni moja: ukilikandamiza ni shujaa, ukilivuta ni mwoga, linapasuka. Mwaka 1867 mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, akapata hataza ya kuweka wavu wa chuma ndani ya vyungu vya maua. Vyungu! Chuma kinavumilia kuvutwa, zege linavumilia kukandamizwa, na kwa bahati ambayo hadi sasa mimi naiona kama muujiza, vyote viwili vinapanuka na kunywea kwa joto karibu sawasawa, kwa hivyo haviachani jua likiwaka. Bila hiyo bahati hakuna gorofa.

Mwaka 1914 Le Corbusier akachora kitu alichokiita Dom-Ino: sakafu za zege, nguzo nyembamba, ngazi, basi. Kuta hazibebi chochote, unazijaza baadaye na unachotaka. Sasa toka nje uangalie jengo lolote linalojengwa Wote, Kitui mjini, Mwingi, Pipeline, popote. Nguzo, sakafu, nguzo, sakafu, halafu mawe yanajazwa katikati, na juu kabisa vyuma vimeachwa vimesimama vikingoja siku mwenye ploti atapata pesa ya gorofa ingine. Ule mchoro wa 1914 ndio huo unaishi ndani yake na unalipa renti.

Kenya iliingia hii stori mapema kuliko tunavyodhani. Kampuni ya East African Portland Cement ilianza mwaka 1933, wakati huo ikiingiza simiti kutoka nje. Bamburi ilianzishwa 1951 na kiwanda chake cha Mombasa kikaanza kazi 1954. Kabla ya uhuru Athi River nako kukawa na kiwanda. Kwa hivyo tulipopata bendera, simiti ilikuwa inatoka hapa hapa, na serikali changa ikataka kuonekana. Matokeo yake unayajua: KICC, orofa 28, mita 105, ikakamilika 1973, kazi ya Mnorwe Karl Henrik Nøstvik akiwa na David Mutiso wa upande wa serikali. Mutiso, jina ambalo huku kwetu kila kijiji kina wake. Kwangu mimi lile bado ndilo jengo zuri kuliko yote Nairobi, na zile za vioo zinaweza kukaa pembeni.

Lakini ona hii historia jinsi inavyosimuliwa. Simiti ina tarehe, ina kampuni, ina hataza. Chuma kina tarehe. Mchanga hauna. Hakuna mtu aliyepewa hataza ya mchanga. Na ukichanganya zege la kawaida, hesabu ya fundi ni moja kwa mbili kwa nne: ndoo moja ya simiti, ndoo mbili za mchanga, ndoo nne za kokoto. Simiti yenye jina kubwa ndiyo ndogo kuliko wote. Halafu kuna lipu, kuna chokaa ya kushikanisha mawe, kote huko mchanga ndio mwingi.

Sasa swali: kwa nini uwe mchanga wetu? Si Nairobi iko na mito?

Jibu liko chini ya miguu. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano. Miamba hiyo inakupa mawe mazuri ya kuchonga na inakupa kokoto, lakini ikioza inakupa udongo mweusi ule wa kunata, au wekundu. Haikupi mchanga. Mchanga mzuri wa ujenzi unatoka kwa miamba ya zamani sana yenye chembe za kwatsi, na miamba hiyo ndiyo Ukambani. Vilima vyetu, mawe yale makubwa yanayong'aa unayoona ukipita kuelekea Kitui, ndiyo hayo. Yanamomonyoka kwa mamilioni ya miaka, na mvua ikija inakuja kwa fujo, mto unajaa kwa masaa machache, unabeba kila kitu. Tope jepesi linaenda na maji hadi baharini, chembe nzito za mchanga zinabaki. Yaani mto wetu wa msimu ni mashine ya kuosha na kuchambua mchanga, na inafanya kazi bure mara mbili kwa mwaka.

Na chembe zenyewe bado ziko na kona, hazijasafiri sana. Hiyo kona ni muhimu. Mchanga wa jangwani umezungushwa na upepo hadi ukawa kama goroli, haushikani vizuri kwa zege. Mchanga wa bahari uko na chumvi, na chumvi inakula chuma ndani kwa ndani hadi nguzo inapasuka. Ndiyo maana tipa zinaacha mji wote na kuja Makueni, Machakos, Kitui na Kajiado.

Tulifika kwa maji. Hapa ndipo hii stori inaacha kuwa ya majengo tu.

Mito yetu mingi haina maji juu sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni akipita daraja anacheka, "huu nao ni mto?" Maji yako, lakini yako ndani ya mchanga. Zile chembe zenye kona hazijipangi zikashikana kabisa, kati yake kuna nafasi, na mchanga mzuri unaweza kushika maji kama robo ya ujazo wake, hata zaidi ya theluthi ukiwa wa chembe kubwa. Jua likiwaka linakausha juu tu. Ukishuka chini kama nusu mita na kidogo, uvukizi karibu unaisha. Mbu hawazai humo. Ng'ombe hawakanyagi humo. Ndiyo maana kina mama wanachimba mashimo mchangani mwezi wa tisa na wanapata maji wakati kila mahali pamekauka.

Sifa zinazofanya mchanga ufae kwa zege ndizo zile zile zinazofanya ufae kushika maji. Chembe kubwa, safi, zenye kona, zisizo na tope. Mhandisi wa Nairobi na mama wa Kitui wanatafuta mchanga mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja ana lori.

Nilikaa na kalkuleta. Tipa ya tani 7 inabeba mchanga kama mita 4 na nusu za ujazo. Chukua kwamba theluthi moja pungufu kidogo ni nafasi ya maji, unapata kama lita 1,300. Hiyo ni mitungi 65 ya lita 20. Na si mitungi 65 mara moja; ni kila msimu mvua inyeshapo, mwaka baada ya mwaka, kama ule mchanga ungekuwa bado pale. Lori moja. Sasa simama barabara ya Machakos kwenda Kitui usiku mmoja uhesabu malori, kama yanapita. Mimi nilihesabu kwa muda nikachoka.

Na kuna watu huku walielewa sayansi hii mapema sana. Miaka ya 1950, chini ya mpango wa kikoloni wa ALDEV, kulijengwa kuta za kukinga mchanga kwenye mito ya Ukambani. Ukuta wa zege na mawe unakata mto hadi kwenye mwamba, mvua inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na nyuma yake unapata tangi la maji lisilo na mfuniko wala bomba la kiwandani. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wakaanzisha kikundi cha Utooni kule Kola, wakajenga kuta hizo kwa mikono. Baadaye shirika la SASOL likajenga mamia Kitui. Kazi inafanywa kwa mwethya, ule utaratibu wa zamani wa kijiji kuja pamoja leo kwako kesho kwangu, na ukienda utakuta wengi wanaobeba mawe ni kina mama. Leo watu wanatoka nchi zingine kuja kuona haya mambo Ukambani. Kama kuna usanifu wa kisasa ambao sisi tumeutoa kwa dunia, kwangu ni huu, hata kama haupendezi kwa picha. Ni ukuta tu, na nyuma yake mchanga.

Kwa hivyo mto mmoja unaweza kuwa na mwethya juu wakijenga ukuta wa kushika mchanga, na chini vijana na majembe wakipakia lori. Wakati mwingine ni familia moja. Nimewaona vijana wa rika langu wakipakia usiku, na siwezi kuwatukana. Kazi hakuna, lori linakuja na pesa mkononi, asubuhi unakula. Lakini pesa kubwa haibaki na aliyeshika jembe, inapanda bei kila inapopita mkono mwingine hadi ifike kwenye saiti Nairobi. Na watu wamekufa kwa huu mchanga: wachimbaji wamefunikwa na kingo zilizoporomoka, wengine wameuawa kwa ugomvi wa nani achukue na nani azuie.

Makueni ndio walianza kuweka sheria kwa nguvu. Mwaka 2015, wakati wa gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, na ikaunda mamlaka ya kuusimamia. Kitui, Januari 2018, gavana Charity Ngilu akapiga marufuku mchanga na makaa kutoka nje ya kaunti. Mnakumbuka kelele zilizotokea, lori likachomwa, siasa ikaingia, watu wa mikoa mingine wakachukulia kama vita vya kikabila. Mimi nilisikitika kwamba mjadala ulikuwa wa nani kamchomea nani lori, na karibu hakuna mtu aliuliza hilo gorofa la Nairobi litajengwa na nini kama si huu mto. Marufuku bila jibu la hilo swali inapandisha bei tu na kufanya lori liende usiku.

Na si sisi peke yetu. UNEP, ambao makao yao makuu yako Gigiri hapo hapo Nairobi, wanakadiria dunia inatumia kama tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Baada ya maji hakuna kitu kingine binadamu anachotumia kwa wingi hivyo.

Majibu yako, na mengine ni ya hapa karibu. Ile miamba ya volkano ya Nairobi isiyotoa mchanga inaweza kusagwa kwa mashine ikawa mchanga. Mafundi wengi wanajua ile dasti ya machimbo na wanaidharau, na kwa kweli ile inayorundikwa tu bila kuchekechwa inastahili kudharauliwa, ina vumbi jingi. Lakini ikisagwa kwa kusudi hilo na ikaoshwa, inafanya kazi. Wanaojenga gorofa 20 wana pesa ya kununua hiyo. Wao ndio wangepaswa kutangulia.

Kwa sisi wa nyumba ya chini, kuna tofali la udongo lililokandamizwa. Mashine yake ya mkono, CINVA-Ram, ilibuniwa Bogotá, Colombia, miaka ya 1950. Unachukua udongo wa chini, si ule wa shambani wenye mbolea, unachanganya na simiti kidogo, asilimia 5 hadi 10 kutegemea udongo, unakandamiza, unafunika na kumwagilia maji kwa siku kadhaa. Hakuna tanuri. Hilo ni jambo kubwa huku, kwa sababu matofali yetu ya kuchoma yanakula miti, na mti ukienda ndio kingo za mto zinaenda. Yale ya kushikana kama fumbo hata mchanga wa kuunganisha unahitaji kidogo sana. Udongo mwekundu wa Makueni mwingi unafaa, ila ukiwa na mfinyanzi mwingi unapasuka, kwa hivyo unapimwa kwanza.

Najua mtasema nini. "Nyumba ya udongo? Nirudi enzi za nyanya?" Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, mwaka 2001 kwa matofali ya udongo yaliyochanganywa simiti, akainua paa juu ili hewa ya moto itoke. Mwaka 2022 akapewa Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote za usanifu, Mwafrika wa kwanza kuipata. Na huyo huyo amejenga Turkana, chuo cha vijana cha Startup Lions, na minara inayovuta joto nje kama kichuguu. Wasee, kichuguu! Tuko nacho kila boma.

Mjomba wangu anajenga Wote. Tumebishana naye miezi mitatu. Kuta amekubali ziwe za udongo uliokandamizwa, baada ya kwenda kuona nyumba moja na kuipiga ngumi mwenyewe. Lakini sakafu na msingi bado ni zege, na zege linataka mchanga, hapo hakuna ujanja. Nikamwambia basi angalau auliza kibali cha eneo ulikotolewa, na aupime. Kupima ni rahisi: mimina mchanga kwa chupa hadi nusu, weka maji na chumvi kidogo, tikisa sana, acha masaa matatu. Mchanga unakaa chini, tope linakaa juu yake kama utando. Utando ukizidi kama asilimia 8 ya mchanga, zege lako litakuwa dhaifu.

Lori la kwanza lilipofika, tope kwenye chupa lilikuwa karibu robo. Si mchanga wa mto tena, ni kingo za mto zimekwanguliwa, kwa sababu mto wenyewe umebaki mwamba. Dereva hakuwa na kibali chochote. Mjomba akamwambia ageuze. Jamaa hakukasirika hata. Akawasha injini, akasema, "Sawa mzee. Nairobi watachukua tu, huko hawaangaliangi."